Simu ya Bei ya Kati: Jua Imebana Wapi Kabla Hujatoa Pesa

Simu ya laki moja na nusu haifichi kitu. Ukiishika tu unajua umenunua nini. Ya milioni tatu nayo haina maneno mengi, kinachosumbua ni mfuko. Ujanja wote uko katikati, kuanzia laki tano hivi hadi kukaribia milioni. Hapo kila kampuni imebana mahali ili bei ikae sawa, halafu ikaacha sehemu moja au mbili ziwake, mteja akiishika dukani aone amepata. Biashara ndivyo ilivyo. Kazi yako ni kujua imebana wapi, na kama hapo ilipobana ndipo wewe unapopatumia kila siku.

Hatua hizi nimezipanga nikiwafikiria watu wa Kigoma: mwenye kibanda Mwanga, mwalimu wa Kasulu, mama wa dagaa wa Katonga, kijana wa boti Kibirizi. Aliye Tabora azitumie zote, aruke tu habari za ziwa.

Hatua ya 1: Andika siku yako

Kabla ya kwenda dukani, chukua karatasi uandike simu yako inafanya kazi gani tangu asubuhi hadi unapolala. Usiandike unachotamani ifanye. Chukua mama anayenunua dagaa Katonga: asubuhi anawapiga picha dagaa walioanikwa, jua linawaka, anaituma WhatsApp kwa mteja wa Dar, anapokea pesa kwa simu, anaongea na watu kutwa nzima huku upepo wa ziwa unavuma na mikono imeloa. Huyu anahitaji kioo kinachosomeka juani, sauti ya kutosha sikioni, betri, na kinga ya maji. Prosesa (ubongo wa simu) ya kuchezea gemu haimhusu. Mwalimu anayefungua mafaili ya PDF na kuigawia laptop intaneti ana orodha yake, na kijana anayehariri video za harusi ana yake.

Kwenye hiyo karatasi chagua mambo matatu ambayo simu ikishindwa, huitaki hata kwa bei ya kutupa. Matatu tu. Ukiandika kumi, muuzaji atakushinda, maana simu yoyote itafaulu saba na yeye atakuimbia hayo saba.

Hatua ya 2: Soma jina lote, mpaka neno la mwisho

Watu wengi huagiza simu kwa nusu ya jina. Mtu anasema, "Nataka Redmi Note 13." Ipi? Ziko tano, na kila moja ina prosesa yake: ya 4G ya kawaida ina Snapdragon 685, ya 5G ina Dimensity 6080, Pro ya 4G ina Helio G99 Ultra, Pro ya 5G ina Snapdragon 7s Gen 2, na Pro+ ina Dimensity 7200 Ultra. Ukisema jina nusu, utapewa ile ambayo duka linataka iondoke.

Samsung za A zina mpangilio unaosomeka. Tarakimu ya kwanza ni ngazi, ya pili ni toleo. A54 ilitoka 2023, A55 ikafuata 2024, A56 ikaja 2025. A16 basi ni mpya kuliko A54, lakini iko ngazi ya chini sana. Kwangu mimi, simu ya ngazi ya 5 ya miaka miwili iliyopita, kama bado ni mpya kwenye boksi, ni afadhali kuliko ya ngazi ya 1 ya juzi. Kuna sharti moja: miaka ya masasisho, yaani programu mpya ambazo kampuni huitumia simu, huhesabiwa tangu simu ilipoingia sokoni, si tangu ulipoinunua wewe. Kwa hiyo uliza mwaka iliyotoka, kisha toa miaka iliyokwisha kupita.

Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Usishangae ukiona simu mbili za majina tofauti zimefanana tabia.

Hatua ya 3: Chambua RAM na prosesa

RAM ni kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi ya wakati huo; hifadhi ni pale inapotunza vitu vyako. Hapa ndipo maandishi ya boksi yanapodanganya bila kusema uongo. Mazungumzo ya dukani huwa hivi:

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Hii RAM yake ngapi?"

"Kumi na sita hiyo mama, mashine."

"Ya kwake mwenyewe ngapi?"

Kimya kidogo. "Nane mama. Nane nyingine inaongezea."

Swali la mama ndilo la kujifunza. Hiyo "inayoongezwa" ni kipande cha hifadhi kinachoazimwa kufanya kazi ya RAM, na hifadhi haina kasi ya RAM hata siku moja. Ihesabu kama haipo. Kwa matumizi ya kawaida 6 GB za kweli zinatosha, 8 GB ni raha, na 4 GB katika bei hii ni kukupunja.

Upande wa prosesa, huhitaji kuzikariri zote. Tazama jambo moja: nanomita, kipimo cha udogo kinachotajwa prosesa inapotengenezwa. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo prosesa kwa kawaida inavyokula chaji kidogo na kupata moto kidogo. Helio G85, G88 na G91 zimetengenezwa kwa nanomita 12. Helio G99 na ndugu yake G100 ni nanomita 6. Exynos 1380 iliyo ndani ya Galaxy A54 ni nanomita 5. Ukikuta simu ya laki sita ina kioo cha kuvutia na kamera ya kujigamba lakini ndani mna G85, umeshapajua ilipobana. Haitakusumbua mwezi wa kwanza. Itakusumbua mwaka wa pili, programu zikiwa zimenenepa.

Jaribio la dukani: fungua kamera, toka; fungua ramani, toka; fungua kivinjari na ukurasa wenye picha nyingi, toka; kisha rudi kwenye ramani. Ikikukuta palepale ulipoiacha, RAM inatosha. Ikianza kufunguka upya kana kwamba hujawahi kuigusa, huyo ndiye atakayekukera ukiwa katikati ya kujaza fomu ya mtandaoni.

Hifadhi ni 128 GB kwenda juu. Uliza pia aina: UFS ni ya haraka, eMMC ni ya polepole, na muuzaji asipojua, tafuta jina la simu mtandaoni palepale.

Hatua ya 4: Toka nayo juani

Kioo cha AMOLED, aina ambayo nukta zake hujiwakia zenyewe, kinavutia sana chini ya taa za duka. Omba kutoka nayo nje, hata hatua mbili mlangoni, saa sita hadi saa tisa mchana. Ongeza mwanga hadi mwisho, fungua ujumbe wenye herufi ndogo, usome. Kama unalazimika kuikinga kwa kiganja, hiyo si simu ya mtu anayefanya kazi ufukweni wala sokoni. Muuzaji akikataa usitoke nayo, mwachie kitambulisho chako mkononi. Akikataa tena, mshukuru uende duka la jirani.

Namba ya 90Hz au 120Hz inaonyesha kioo kinavyoteleza unaposogeza maandishi. Ni nzuri, ila si ya kulipia ziada kama mwanga ni hafifu.

Hatua ya 5: Kamera, usihesabu matundu

Simu za kati hupenda kuwa na matundu matatu au manne mgongoni. Mara nyingi linalofanya kazi ni moja. Kamera ya megapikseli 2, iwe wameiita ya vitu vya karibu au ya kina, ipo kujaza nafasi. Anayeihitaji kweli ni yule aliyechora tangazo.

Namba kubwa nayo ina hadithi yake. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 na nusu. Ya 200 huunganisha kumi na sita na kukupa 12 na nusu hiyohiyo. Na picha ikipita WhatsApp inabanwa tena. Mteja wako wa Dar hawezi kujua dagaa wako walipigwa kwa 50 au kwa 200.

Kinacholeta tofauti ni kitulizi cha lenzi, ambacho kwenye maelezo huandikwa OIS. Hicho husaidia mkono unaotikisika na mwanga hafifu, yaani jioni, ndani ya nyumba na kwenye sherehe. Jaribu hivi: nenda kona yenye giza ya duka, mwombe mtu apunge mkono taratibu, piga picha tatu, kisha zivute uone vidole. Usipige picha ya ua mlangoni. Juani kila simu hupiga vizuri.

Hatua ya 6: Betri si mAh peke yake

Karibu kila simu ya kati ina betri ya 5000 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) au zaidi kidogo, hivyo namba hiyo haikusaidii kuchagua. Kinachotofautisha ni prosesa, kioo, na mahali unapoishi. Penye mtandao dhaifu simu hutumia nguvu nyingi zaidi kuufikia mnara, na chaji huisha haraka. Ndiyo maana simu inayofika jioni ukiwa Mwanga mjini huzimika mapema ukiwa kijiji cha mwambao. Si mbovu. Inahangaika.

Chaji ya haraka ipime na umeme ulio nao. Infinix Note 30 kwa mfano inachaji kwa wati 45, lakini lazima kwa chaja yake na waya wake. Ukichomeka chaja ya mtaani au sola ndogo, kasi hiyo huipati. Kwa anayekatikiwa umeme mara kwa mara, chaja ya haraka ni faida kubwa: dakika arobaini za umeme kabla haujakatika tena zinakuokoa siku. Kwa anayechajia kwenye sola, usiilipie hata shilingi ya ziada.

Jingine: uliza kama chaja imo ndani ya boksi. Samsung nyingi za kati zinakuja na waya tu. Ongeza bei ya chaja halisi kwenye bei ya simu ndipo ulinganishe na jirani yake.

Hatua ya 7: Weka laini yako mwenyewe

Usikubali kuonyeshwa mtandao kwa laini ya muuzaji. Weka yako, piga simu, sikiliza, fungua video. Ukitaka kulinganisha simu mbili kwa haki, usiamini vile vijiti vya juu, kila kampuni huvichora itakavyo. Ingia Mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini, utakuta nguvu za mawimbi zimeandikwa kwa dBm. Ni namba ya hasi: -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Simu zote mbili, laini ileile, mahali palepale. Iliyo karibu na sifuri ndiyo inayoshika vizuri.

Trei ya laini nayo itoe uitazame. Nyingine zina nafasi tatu: laini mbili na memori kadi. Nyingine zinakulazimisha kuchagua, laini ya pili au memori kadi. Kigoma hapa ni nadra kumkuta mtu wa biashara mwenye laini moja, kwa hiyo udhaifu huu mdogo kwenye karatasi ni mkubwa maishani.

Kuhusu 5G: ikija ndani ya bei, pokea. Anayeishi Buhigwe au Uvinza vijijini asiongeze pesa kwa ajili yake leo, labda kama anataka simu hiyo akae nayo miaka minne au mitano.

Sasa ziwa. Ukiwa Kagunga, au kwenye boti kaskazini ya Gombe, simu inaweza kudaka mtandao wa Burundi. Ukielekea katikati ya maji, wa Congo. Yanatokea mawili. La kwanza ni salio au bando kuliwa kwa bei ya ugenini. La pili ni saa. Burundi na mashariki ya Congo wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyoachiwa ijirekebishe yenyewe hurudi nyuma kimyakimya. Umetega kengele saa kumi na moja alfajiri uwahi boti, inalia, kumbe kwetu ni saa kumi na mbili na boti imeshaondoka. Simu ikiwa mkononi dukani, hakikisha unaweza kuzima saa ya kiotomatiki, kuzima data ya mitandao ya nje, na kuchagua mtandao wako kwa mkono. Vyote vimo Mipangilio. Mwombe muuzaji akuonyeshe vilipo ukiwa bado mteja, kabla hujawa aliyekwisha kulipa.

Hatua ya 8: Maji, vumbi na fundi

Alama ya IP huonyesha kinga ya simu dhidi ya vumbi na maji. IP53 na IP54 ni kwa manyunyu na vumbi. IP67 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30 kwenye maji yasiyo na chumvi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, kwa hiyo tuelewane: IP67 ni ya ajali ya ukingoni na mvua ya kwenye pikipiki. Simu ikishafunguliwa na fundi, gundi iliyozuia maji haipo tena kama ilivyokuwa. Na waranti nyingi hazilipi simu iliyoingia maji, hata kama boksi linajisifu.

Halafu fanya jambo ambalo watu hulifanya wakiwa wameshachelewa: kabla ya kununua, pita kwa fundi unayemwamini umuulize kioo cha simu hiyo ni bei gani, na kama anacho au mpaka aagize. Kioo cha AMOLED kinaweza kula sehemu kubwa ya bei ya simu. Ukishawishiwa uweke cha bei rahisi kisicho AMOLED, kwa simu ambayo alama ya kidole inasomwa ndani ya kioo, kidole hakitasomwa tena. Uliza pia kituo cha matengenezo kinachotambuliwa na kampuni kiko mji gani. Ukiambiwa Mwanza au Dar, hesabu nauli na siku za kukaa bila simu.

Hatua ya 9: Gawanya udhaifu mara mbili

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Watu wengi huandika mazuri upande huu, mabaya upande ule, kisha wanahesabu. Hesabu hiyo haikufikishi popote. Mabaya yagawe: yanayozibika kwa pesa, na yasiyozibika. Kukosa chaja kunazibika. Kukosa tundu la hedifoni kunazibika. Kioo hafifu juani hakizibiki. Prosesa iliyochoka haizibiki. Masasisho yaliyokoma hayazibiki, na kwa mtu ambaye pesa zake zote ziko kwenye simu, hilo la masasisho ya usalama si la kupuuza.

Tuipime Galaxy A54 kwa njia hiyo. Mazuri: kioo cha AMOLED chenye mwanga wa kutosha juani, IP67, kamera kuu ya megapikseli 50 yenye kitulizi, betri ya 5000 mAh, na ahadi ya matoleo manne ya Android pamoja na miaka mitano ya masasisho ya usalama, yaani hadi 2028. Mabaya yanayozibika: haina tundu la hedifoni, na chaja unanunua mwenyewe. Trei inakulazimisha kuchagua laini ya pili au memori kadi; hilo linazibika nusu, kwa kuchukua yenye 256 GB. Mabaya yasiyozibika: kuchaji ni wati 25 tu, hivyo si ya mtu mwenye haraka, haina redio ya FM, na mgongo wake ni kioo, ukianguka kwenye saruji unapasuka kama wa mbele.

Kwa mama wa Katonga, naichukua bila kusita. Kwa mvuvi anayelala ziwani na redio ndiyo mwenzake wa usiku, hapana. Huyo atafute Tecno au Infinix yenye redio, tundu la hedifoni na trei ya nafasi tatu, akubali kwamba masasisho yatakoma mapema zaidi. Simu ileile, watu wawili, majibu mawili.

Hatua ya 10: Siku ya kulipa

Piga *#06# zitokee namba za IMEI, yaani utambulisho wa simu, tarakimu 15. Zilinganishe na za kwenye boksi, kisha tuma moja kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi. Likija jina la simu nyingine, rudisha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilizizima simu bandia Juni 2016, na simu yenye IMEI ya kughushi haina pa kukimbilia. Kwa Samsung, piga pia *#0*#. Itafunguka menyu ya majaribio, ugonge rangi moja moja utafute doa kwenye kioo, na upitishe kidole kila kona uone tachi inaitika kote.

Kama ni simu ya mtumba, ongeza mawili. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na uiwashe upya hadi mwisho. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, achana nayo. Kisha uliza waziwazi kama iliwahi kuchukuliwa kwa mkopo. Simu za mkopo ambazo hazijamalizwa kulipiwa hujifunga zenyewe, hata baada ya kufutwa, na mwenye deni huwa ameshahama mji.

Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye jina na IMEI ya simu, na waranti iliyoandikwa muda wake. Wiki ya kwanza usiionee huruma simu: ichaji, iishe, ipige simu ndefu, ipeleke kijijini, ipige picha usiku. Kasoro ya kiwandani mara nyingi hujitokeza mapema, na ndiyo wiki ambayo muuzaji bado anakumbuka sura yako.

Boksi usilitupe, lina IMEI. Risiti ya EFD karatasi yake hufifia, baada ya miezi inabaki nyeupe, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo. Picha hiyo umtumie mtu mwingine wa nyumbani, maana ikibaki kwenye simu yenyewe, siku ikiibiwa utakwenda polisi mikono mitupu.